Daftari la Maboi wa Elisabethville

Mwaka 1965 Katanga ilikuwa bado inauguza majeraha. Ilijitenga na Congo mwaka 1960, ikarudishwa kwa mtutu wa bunduki Januari 1963, na kabla 1965 haujakwisha Jenerali Mobutu alikuwa ametwaa nchi nzima. Katika msukosuko huo, chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani kwa Wazungu, wale walioitwa maboi, kilitoa historia ya mji wao. Aliyeikusanya ni André Yav. Ikapigwa taipu, ikarudufiwa, ikapewa jina la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville, yaani msamiati wa mji wa Elisabethville. Mwaka uliofuata mji wenyewe ukaitwa Lubumbashi.

Anayetafuta humo orodha ya maneno atatoka mikono mitupu. Yav anaanzia mbali, kwa wafalme na wavamizi, kisha anashuka mpaka kwa mabwana, kazi na mishahara. Kiswahili chake ni cha Katanga, chenye Kifaransa ndani yake, na hakikuomba ruhusa kwa mwalimu yeyote. Maneno yameshikana pasipotarajiwa, nukta zimewekwa zilipoangukia. Ukisoma kwa macho tu utakwama. Kalundi Mango, aliyemsaidia mwanaanthropolojia Johannes Fabian kuyatayarisha maandishi hayo, aliyasoma kwa sauti, na hapo ndipo sentensi zilipojitenga. Kwa maoni yangu hilo linatuambia Yav aliwaandikia nani: watu wa mji wake, ambao wangeisikia habari hata kama kitabu kimeshikwa na mmoja tu.

Agosti 1965, mwaka uleule wa daftari la Yav, huko Cleveland, Marekani, kijana Ted Nelson alisimama mbele ya wataalamu wa kompyuta na kueleza maandishi ya namna nyingine: yasiyokwenda kwa mstari mmoja, ambayo kipande kimoja kinamrusha msomaji hadi kingine. Aliyaita "hypertext". Miaka 20 kabla yake, mhandisi Mmarekani Vannevar Bush alikuwa ameota mashine ya mezani ya kuunganisha kumbukumbu za mtu kwa njia ambazo mwenyewe amezitengeneza.

Lakini kwa msomaji wa Lubumbashi, ukoo wa jambo hili una babu wa karibu zaidi, tena Mbelgiji. Paul Otlet alipokuwa kijana wa miaka 20 hivi, mwaka 1888, alichapisha kijitabu kuhusu Afrika akipendekeza Wamarekani weusi wahamishiwe Congo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wenyeji wa Congo hawakuulizwa. Ndivyo mambo yalivyoendeshwa. Mwaka 1895, pamoja na Henri La Fontaine, alianza mjini Brussels kuorodhesha kwenye kadi kila kilichowahi kuchapishwa duniani. Kadi zikapita milioni 12, kila moja ikiwa na namba iliyoihusisha na nyingine za jamii yake. Mwaka 1934 serikali ya Ubelgiji ilifunga milango ya jumba lililohifadhi kadi hizo. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambamo aliwazia meza isiyo na vitabu, yenye skrini na simu, na msomaji akiletewa ukurasa kutoka mbali.

Yaliyofuata yanajulikana. Machi 1989 Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, Geneva, na viungo vikaingia kwenye intaneti. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 watu walikuwa wakiweka madaftari yao hadharani kwa tarehe, wakiyaunganisha na ya wenzao, wakayaita blogu.

Daftari la maboi nalo lilifika huko mtandaoni. Fabian alifundisha chuo kikuu Lubumbashi kati ya 1972 na 1974. Mwaka 1990 alichapisha maandishi ya Yav kama kitabu, kwa bei ambayo boi mstaafu wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, asingethubutu kuiuliza. Baadaye, akiwa Amsterdam na mwenzake Vincent de Rooij, aliyaweka kwenye hazina ya mtandaoni ya Kiswahili cha Katanga, wazi kwa yeyote. Humo pia yamo mazungumzo yake na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, na yale aliyorekodi mwaka 1974 na mganga Kahenga, aliyekuja kuifunga nyumba ya Fabian kwa dawa dhidi ya wabaya.

Mazungumzo hayo na Kahenga yalimfanya Fabian aandike kitabu kingine, kilichotoka mwaka 2008, akidai kwamba hazina ya namna hii inabadilisha kazi ya msomi. Maneno ya mganga yapo palepale, kwa hiyo msomaji anaweza kumkagua mfafanuzi. Dai hilo nalikubali nusu. Tafsiri na maelezo mengi ni ya Kiingereza. Msomaji wa Katuba anafuata bila shida Kiswahili ambacho mgeni wa Amsterdam anahitaji kutafsiriwa. Akifika kwenye ufafanuzi, yaani pale panapoelezwa maana ya maneno ya jirani yake, ni yeye anayehitaji mkalimani.