Kesi ya Kigoma na Mahakama za Marekani



Juzi nilikuwa mwaloni Kibirizi nikingoja dagaa. Kijana mmoja mwenye redio ya mkononi alikuwa akibishana na wenzake juu ya Marekani. Alidai kwamba huko kesi ya mtu mmoja hugeuka sheria ya nchi nzima, na kwamba jambo kama hilo kwetu haliwezekani. Nikamwambia, mwanangu, limekwisha kutokea, tena hapa hapa Kigoma.

Mfumo huo sisi na Wamarekani tuliurithi kwa bwana mmoja, Mwingereza. Kwao ulikuja na walowezi. Kwetu uliingizwa kwa amri ya mwaka 1920, iliyotaja hata tarehe, 22 Julai. Jaji wa mfumo huo hatazami sheria ya Bunge peke yake. Hutazama pia mahakama iliyo juu yake iliamua nini katika shauri linalofanana na lake, na sababu ya uamuzi ule humfunga. Wakili asiyeupenda hana budi kuonyesha kwamba shauri lake ni la namna nyingine. Mahakama iliyo juu ya zote huweza kujikosoa, nayo hujikosoa kwa shida. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali weusi na weupe watengwe katika mabehewa ya treni. Kanuni hiyo haikukanwa mpaka 1954, katika kesi ya shule. Miaka 58! Wangapi walizaliwa na kuzikwa katikati yake?

Sasa turudi kwetu. Vyama vingi vilirejea nchini mwaka 1992. Mwaka 1994 ukafanyika uchaguzi mdogo wa ubunge Kigoma Mjini. Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA alipambana na Azim Premji wa CCM, na Premji akatangazwa mshindi. Kabourou akaenda mahakamani. Katika malalamiko yake limo moja linalonigusa mimi niliyeketi mbele ya kipaza sauti: kwamba Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya umma, iliegemea upande wa CCM katika matangazo yake. Vijana wa leo huenda wasione uzito wake. Siku zile gazeti likifika Kigoma kwa treni habari zake zilikuwa zimekwisha kupoa. Redio ndiyo iliyokuwa sikio la watu, tangu Ujiji hadi vile vijiji vya mwambao ambavyo huvifikii ila kwa boti.

Mahakama Kuu ikautengua uchaguzi ule. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Swali zito lilikuwa hili: Sheria ya Uchaguzi imetaja sababu za kutengua uchaguzi, je, lisilotajwa humo haliwezi kuwa sababu? Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilijibu kwamba jambo lolote linaloufanya uchaguzi usiwe huru na wa haki ni sababu tosha ya kuutengua. Rufaa ikashindwa.

Mwaka 1995 Kabourou alikipata kiti chake, na kama ingekuwa habari ya kiti tu, ingeishia hapo. Lakini hukumu ile imechapwa katika Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1996, ukurasa wa 156, na tangu hapo mawakili wa majimbo yaliyo mbali kabisa na ziwa letu huifungua mbele ya majaji. Hutaja "Kabourou" nao wakaelewana, jina la mtu limekuwa jina la kanuni. Upande wa pili nao husema yaliyotokea kwao si kama ya Kigoma, na mara nyingi husikilizwa, kwa kuwa kuthibitisha ni kazi ngumu. Hilo nalo latokana na kesi: tangu hukumu ya Mbowe na Eliufoo ya mwaka 1967, mlalamikaji wa uchaguzi hutakiwa athibitishe pasipo shaka ya maana.

Linganisheni na Marekani. Desemba 2000 Mahakama ya Juu ilisimamisha kuhesabiwa upya kwa kura za Florida, George W. Bush akawa Rais. Majaji wakaandika kwamba hoja yao ihusu mazingira ya shauri lile tu. Yaani walipita mlangoni, kisha wakaufunga nyuma yao. Kwa hili mimi nawasifu wa kwetu, maana mlango waliuacha wazi.

Kijana akaniuliza, "Na Rais je, mzee?"

Nikamweleza ibara ya 41(7) ya Katiba: mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yenye ruhusa ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Wakili Jebra Kambole aliishtaki nchi kwa ibara hiyo mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na Julai 2020 majaji walisema inakiuka Mkataba wa Afrika. Oktoba ya mwaka ule ule tulipiga kura, na ibara ilikuwa pale pale.

"Kwa hiyo mbunge ndiyo, Rais hapana?"

Nikamwambia ndivyo. Akazima redio yake. Mitumbwi ilikuwa imefika, tukateremka kupima dagaa.