Migahawa ya Kiitalia: mlaji apime nini?

Mkazi wa Mazimbu, Morogoro, atakayelipa fedha nyingi katika mgahawa wa Kiitalia asiupime kwa tambi za futari. Zetu huvunjwavunjwa, hukaangwa, kisha huiva kwa tui, sukari na iliki mpaka zilainike. Waitalia huzichemsha nzima katika maji mengi yenye chumvi, wakaziepua zingali na ugumu kidogo.

Malindi nchini Kenya, karibu na kituo ambacho Waitalia walirushia setilaiti mwaka 1967, migahawa hiyo ni mingi nayo hushindania wateja. Anayelinganisha miwili aagize kwanza tambi za mchuzi wa nyanya mtupu. Hapo hakuna nyama wala jibini ya kuficha uzembe wa mpishi. Zikija laini kama za futari, mgahawa umeshindwa, hata kama mlaji atazifurahia.