Jinsi setilaiti zinavyosaidia kukabili mafuriko na ukame

MTO Nzoia unapovunja kingo zake na maji kutapakaa Budalang'i, chifu huona yale yaliyo mbele yake tu. Hajui ni vijiji vingapi vimezingirwa ng'ambo, wala barabara ipi ingali inapitika. Picha moja kutoka anga za juu yaweza kumjibu, mradi imfikie mapema.

Si kila setilaiti ifaayo kwa kazi hiyo. Zile zipigazo picha za kawaida, kama Landsat zilizoanza kurushwa mwaka wa 1972, huzibwa na mawingu, na msimu wa masika mawingu hayakosi. Hapo hutegemewa setilaiti za rada kama Sentinel-1 ya Ulaya, iliyorushwa mara ya kwanza mwaka wa 2014. Mawimbi yake hupenya mawingu, usiku na mchana. Ardhi kavu huyarudisha kwa kiasi fulani, lakini maji yaliyotulia huyaakisi upande mwingine, hivyo eneo lililofurika huonekana jeusi pichani. Mijini, katikati ya majumba, picha hizo hazisomeki kwa urahisi.

Nchi iliyokumbwa na janga hailazimiki kumiliki setilaiti. Kupitia mkataba wa kimataifa ulioasisiwa na mashirika ya anga za juu ya Ulaya na Ufaransa, na ambao umekuwa ukitekelezwa tangu Novemba 2000, asasi zilizoidhinishwa huomba picha saa yoyote na kuzipata bila malipo.

Lakini setilaiti ya aina hii huzunguka, haikai juu ya mahali pamoja. Yaweza kupita siku kadhaa baada ya tukio. Maji yaliyoua makumi ya watu Mai Mahiu alfajiri ya Aprili 29, 2024 yalishuka kwa ghafla mno; hakuna ramani ya namna hii ambayo ingewahi kuwaamsha waliolala. Kwa mikasa kama hiyo, utabiri wa mvua na simu ya onyo ndivyo vyenye faida.

Ukame, kinyume chake, huja polepole, na hapo ndipo setilaiti huonyesha ubora wake. Hupima ukijani wa mimea, kisha kiwango hicho hulinganishwa na cha miaka iliyotangulia. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA) hutumia kipimo hicho katika taarifa zake za kila mwezi kuhusu kaunti kame. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka wa 2010 nayo iliegemea ukijani huo: malisho yaliposhuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mfugaji alistahili fidia bila mtu kuhesabu mizoga.

Kasoro ipo. Mathenge hubaki kijani hata nyasi zikikauka, na setilaiti huuhesabu ukijani wake kana kwamba ni malisho. Ndiyo maana maafisa wa NDMA huuliza pia nyanjani bei ya mbuzi, umbali wa kuteka maji, na kupima mikono ya watoto kwa utepe.