Kwa Nini Choo? Masimulizi ya Kambi za Wadukuzi

Katika picha za Chaos Communication Camp, kambi ya wadukuzi nchini Ujerumani, utaona mahema, bendera, na katikati ya nyasi kibanda cha choo cha plastiki, kama vile vinavyowekwa kwenye harusi na mikutano ya hadhara. Hakuna anayejisaidia humo. Ndani kuna swichi za mtandao zinazomemeteka taa, na nyaya zinatoka zikitambaa hadi mahemani. Kibanda hicho huitwa Datenklo, yaani choo cha data.

Jina hilo ni kongwe kuliko kambi yenyewe. Katika miaka ya 1980, Posta ya Ujerumani Magharibi ilihodhi simu na vifaa vya kuunganishwa kwenye laini zake. Chaos Computer Club, chama kilichoanzishwa Berlin mwaka 1981, kilitoa maelekezo ya kujiundia modemu nyumbani. Ili mkono wa simu ukae sawasawa juu ya chombo, walitumia mipira ya mafundi bomba, ile ya vyooni. Modemu ikabatizwa Datenklo. Miaka ikapita, jina likahamia kwenye kibanda. Picha haisemi lolote kati ya hayo. Lazima aliyekuwapo asimulie.

Mila ya kupiga kambi ilianzia Uholanzi. Agosti 1989, watu wa jarida la Hack-Tic walifanya Galactic Hacker Party katika Paradiso, kanisa la zamani la Amsterdam lililogeuzwa ukumbi wa muziki. Mwaka 1993 walitoka nje, wakapiga kambi karibu na Lelystad, kwenye ardhi iliyokuwa chini ya maji hadi karne ya 20. Mwaka huohuo XS4ALL, kampuni iliyotoka ubavuni mwa Hack-Tic, ilianza kuwauzia watu wa kawaida intaneti. Tangu hapo kambi ya Waholanzi imekuwa ikirudi kila baada ya miaka minne au karibu na hapo, kila mara kwa jina jipya: HIP mwaka 1997, HAL mwaka 2001, What the Hack mwaka 2005. Wajerumani walianza yao mwaka 1999 huko Altlandsberg, nje ya Berlin.

Mbegu zilivuka bahari. Mwaka 2007 kundi la Wamarekani lilisafiri hadi kambi ya Wajerumani huko Finowfurt, likaona jinsi wenzao wanavyoendesha karakana za pamoja mwaka mzima. Waliporudi, zikazaliwa karakana kama Noisebridge ya San Francisco na NYC Resistor ya New York.

Mada zinazotolewa jukwaani hurekodiwa, na nyingi zimehifadhiwa. Kinachopotea ni kazi ya nyuma ya jukwaa. Kambi hizi huendeshwa na watu wa kujitolea, ambao Wajerumani huwaita malaika: wanaolaza nyaya, wanaolinda lango, wanaopika usiku. Kambi ikiisha hung'oa kila kitu, na uwanja hurudi kuwa nyasi. Hata tarehe zinaweza kumpoteza mtafiti: kambi iitwayo MCH2021 ilifanyika mwaka 2022, kwa kuwa Uviko iliahirisha mkutano lakini jina likabaki.

Ndiyo maana masimulizi ya wanakambi ni hazina, na wanaofaa kuyakusanya ni wao wenyewe. Wengi wao hujulikana kwa majina ya kujipachika na hawapendi kupigwa picha bila ridhaa. Mgeni mwenye kinasa sauti hawezi kuwafungua midomo kirahisi. Mwenzao atalikubali jina la bandia na ataelewa pale panapopaswa kunyamaziwa.

Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mlaza nyaya atasema kambi ilisimama kwa sababu ya mtandao. Mpishi atasema kwa sababu ya sufuria. Mkusanyaji asiwapatanishe. Aandike yote mawili, kwa maana tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kila mmoja alisimama wapi.

Aliyekuwa na miaka 25 pale Lelystad sasa ameshapita 55. Wau Holland, mmoja wa waasisi wa Chaos Computer Club, alifariki Julai 2001, siku chache kabla ya HAL. Kwa hiyo anayetaka kuanza asitafute swali zito. Achukue picha ya kile kibanda, akae na mzee wa kambi, amuulize: kwa nini choo?