Namna Askari Polisi Hodari Anavyotambuliwa: Mfano wa Vigwaza

Kata ya Vigwaza, iliyopo Halmashauri ya Chalinze, Mkoa wa Pwani, hupitiwa na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Morogoro, na mizani yake hupima malori yaendayo hadi Zambia na Kongo. Askari anayehudumu mahali kama hapa hujaribiwa kila siku.

Jeshi la Polisi humtambua askari hodari kwa hati ya pongezi na zawadi, kwa kumpandisha cheo, na kwa nishani zinazotunukiwa kwa mamlaka ya Rais. Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema haidai tukio la kishujaa. Hudai miaka mingi isiyo na doa, jambo ambalo pengine ni gumu zaidi.

Ugumu upo katika kupima. Majambazi waliokamatwa huhesabika. Rushwa iliyokataliwa barabarani usiku, au ugomvi wa mfugaji na mkulima uliotulizwa mapema na Mkaguzi wa Kata, haviingii katika takwimu. Shahidi wake ni mwananchi. Aliyeshuhudia utumishi huo anaweza kumwandikia Mkuu wa Polisi wa Wilaya, akitaja tarehe, mahali, na jina au namba ya askari.