Elimu Jumuishi: Nani Anajumuisha?

Shule ikishajenga mteremko wa zege mlangoni, siku hizi hujiita ya elimu jumuishi. Mteremko ni jambo jema. Ila mtoto akishaupanda na kuingia darasani, ndipo maswali yanapoanza.

Istilahi yenyewe imeundwa kama shirikishi: kitenzi jumuisha kimevuliwa irabu ya mwisho, kikavikwa -i. Zanzibar husema pia elimu mjumuisho, lakini Bara na Kenya jumuishi ndiyo iliyoshika, nami naipendelea kwa sababu ya sarufi yake. Jumuishi ni chenye kujumuisha, si kilichojumuishwa. Mtenda ni elimu: shule, mtaala, mwalimu. Mtoto hasubiriwi ajirekebishe ndipo apokewe.

Hapo inaachana na mpango wa kitengo tuliouzoea. Kitengoni, watoto viziwi, wasioona au wenye ulemavu wa akili wana chumba chao na mwalimu wao ndani ya uzio wa shule ya kawaida. Mstarini wako pamoja, uji wanakunywa pamoja; kengele ikilia, kila mtu upande wake. Muulize mwalimu wa hisabati habari za mmoja wao, atakwambia, "Huyo wa kitengo." Sikibezi kitengo, maana mtoto kiziwi anahitaji wenzake wa kuzungumza nao kwa lugha ya alama, na hao hawapatikani kila darasa. Lakini huko ni kuwaweka watoto jirani tu.

Wazo la elimu jumuishi lilipata nguvu Juni 1994 huko Salamanca, Hispania, wawakilishi wa serikali 92 walipokubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Mwaka 2006 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ibara ya 24, ukaifanya elimu hiyo kuwa haki. Tanzania iliuridhia mwaka 2009.

Sasa mchukue mtoto mwenye ualbino, ambaye kwa kawaida ana uoni hafifu. Walimu wengi wanajua akae dawati la mbele. Wachache huangalia dirisha: jua la saa nne likimpiga usoni, au likiuwakisha ubao, dawati hilo la mbele halimfai kitu. Mwalimu anayejumuisha humsogeza kivulini, hasemi "nakilini hii" huku amelipa darasa mgongo, bali husoma kwa sauti kila anachoandika, na humruhusu mtoto ausogelee ubao bila kuomba ruhusa. Mambo hayo hayangoji bajeti.

Cha ajabu, Baraza la Mitihani la Tanzania huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa. Mtihani wa taifa unamjumuisha mtoto ambaye mazoezi ya kila Ijumaa, yaliyochapwa kwa herufi za sisimizi ili kubana karatasi, yamekuwa yakimwacha nje tangu darasa la kwanza.