Mbabuko wa Puru, Si Uvimbe

Mama aliyetibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, akarudi Uvira na baada ya miezi kadhaa akaona damu chooni, hastahili kuandikiwa daftarini "uvimbe wa rektamu". Akisomewa na mwanawe ataelewa jambo moja: saratani imerudi. Huku kwetu, kutoka Kavimvira hadi Makobola, uvimbe ni kitu kinachoshikika.

Waliotuletea istilahi hiyo walitazama kiambishi -itis cha neno proctitis, hawakumtazama mgonjwa. Kwa Kigiriki cha kale -itis ilikuwa kiambishi cha sifa tu, yaani "-a" au "-nayohusu". Maana ya uvimbe moto ilijengeka baadaye. Proktos, mzizi wa neno hilo, lilikuwa tundu la haja kubwa, si utumbo ulio juu yake. Rectus ya Kilatini, iliyozaa rektamu, ni "-lionyooka", ilhali puru ya binadamu imepinda kufuata mfupa wa nyuma ya nyonga. Wafaransa, ambao madaktari wetu wamesomea kwa lugha yao, husema rectite radique na kubeba kosa lile lile. Sisi tuna puru, neno fupi lililomo kamusini, na bado kamati za istilahi zinang'ang'ania rektamu!

Kinachopatikana mwilini hakiitwi uvimbe. Katika hali ya kudumu mishipa midogo ya damu imeziba, nyama imenyimwa damu na kugeuka kovu. Dalili za uvimbe moto ni chache, ndiyo maana madaktari wengi sasa wanapendelea kusema proktopathia, yaani ugonjwa wa puru. Mpimaji hukuta weupe ndani ya kope kwa kupungukiwa damu. Kidole chenye glavu, kikiingia taratibu kwa ridhaa ya mama, pengine hakikuti lolote; pengine hukuta ukuta wa mbele, unaoelekea mlango wa kizazi, ukiuma au umekakamaa, msuli wa kubana umelegea, au njia imekuwa nyembamba, na kikitoka kina damu. Kwa kamera, utando umepauka, una vimishipa vyekundu vilivyotambaa, ukiguswa unavuja damu. Kukata kipande cha ukuta huo wa mbele kwa ajili ya vipimo ni hatari: tundu linaweza kufunguka hadi ukeni.

Kwa hiyo nasema mbabuko. Kubabuka ni ngozi kutoka kwa moto au maji ya moto, na jeraha kama hilo likipona huacha ngozi iliyopauka na dhaifu. Kutokana na chubuka tulipata mchubuko, kutokana na teguka mteguko. Mbabuko umefuata njia hiyo hiyo. Niliambiwa kwamba ni neno la jikoni. Wagonjwa wenyewe husema mashine imewachoma, na mimi nawaamini wao kuliko walionijibu hivyo.

Daftarini iandikwe: mbabuko wa puru kwa mionzi, mkali au sugu.

Uvira haina mashine ya mionzi. Hospitali ya kijeshi ya Kanombe, Kigali, ilianza tiba hiyo mwaka 2019, na aliyemtibu mama, huko au kwingine, huwa mbali anapoanza kuvuja damu. Anayempima ni wewe, muuguzi au daktari wa hapa. Kidole chako kikigusa donge, mpeleke mbele haraka. Kisipoligusa, usimwandikie uvimbe.